Maji ya kisima yana floridi: je, mchicha na udongo wangu vimeharibika?

*"Nina bustani ya robo ekari Arumeru, upande wa chini wa Mlima Meru. Mwaka juzi wanangu walinichimbia kisima kirefu, na tangu hapo kila kiangazi namwagilia mchicha, sukuma wiki, maharage na nyanya. Maji yalipopimwa yalikutwa na floridi miligramu 6 kwa lita na pH 8.4. Sasa ncha za majani ya maharage zinakauka na kuwa kahawia, majani machanga yanageuka njano mishipa ikibaki kijani, na udongo ukikauka unafanya gamba juu. Jirani anasema shamba limeshakula sumu, nisiwape wajukuu mboga zake, na kwamba mbolea ya Minjingu ninayoweka ndiyo imezidisha. Kijana wa duka la pembejeo anasema nimwage chokaa mifuko kumi, itaua floridi yote. Maji ya kunywa tunachemsha. Je, floridi inaingia kwenye mboga? Udongo utapona? Naomba unieleze taratibu, maana kila mtu anasema lake."*

Shikamoo, mama. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Mboga zako zinaliwa, endelea kuwapa wajukuu. Udongo wako haujafa, ila unaumwa, na ugonjwa wake kwa sehemu kubwa ni magadi, yaani sodiamu na ualkali uliozidi, kuliko floridi. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kile ulichokigusa kwa sentensi moja ukapita: maji ya kunywa mnachemsha. Nitakirudia.

Kwanza tujue floridi hiyo imetoka wapi. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ni ya aina yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Ndani ya miamba hiyo na majivu yake floridi imejificha kwenye madini mengi. Maji ya mvua yakizama na kukaa chini muda mrefu, yanaimenya miamba na kubeba yalichokikuta: sodiamu, bikabonati na floridi. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeikamata floridi njiani na kuigeuza kuwa jiwe lisiloyeyuka kirahisi. Kwa kuwa ni haba, floridi inabaki huru majini hadi inafika kwenye bomba lako. Ndiyo maana maji ya Maji ya Chai, Ngarenanyuki na maziwa ya Momela yanafahamika kwa floridi, na ndiyo maana ukanda wote wa Bonde la Ufa, kutoka Ethiopia kupitia Nakuru na Naivasha hadi kwetu, una kilio kilekile. Kuchimba kisima kirefu zaidi si lazima kukupe maji bora. Mara nyingi maji yaliyokaa na mwamba muda mrefu ndiyo yaliyobeba zaidi.

Sasa udongo. Watu wengi wanafikiri kila tone la floridi linaloanguka bustanini linangoja mzizi uje kulinyonya. Sivyo. Udongo wa kawaida duniani una floridi tayari, kiasi cha miligramu mia kadhaa katika kila kilo, na karibu yote imefungwa. Tupige hesabu ya bustani yako. Robo ekari ni mita za mraba zipatazo 1,000. Ukimwagilia msimu mzima wa kiangazi maji ya kimo cha milimita 500, umemwaga lita 500,000, na ndani yake mna floridi kilo 3. Zinatisha ukizisikia peke yake. Lakini tabaka la juu la sentimita 20 la bustani hiyo lina udongo wa tani 200 na zaidi, na hata kama floridi yake ya asili ni miligramu 300 tu kwa kilo, basi humo tayari mna floridi kilo 60 na ushee, iliyokuwepo kabla hujazaliwa wewe wala bibi yako. Kwa hiyo ukipima floridi yote ya udongo ukapata namba kubwa, namba hiyo haikwambii lolote kuhusu mchicha. Swali la maana ni moja: kiasi gani kiko huru ndani ya maji ya udongo, pale mzizi unapokunywa?

Linaloamua hilo ni pH, yaani uasidi au ualkali wa udongo. Juu ya chembe za mfinyanzi, hasa zile zenye alumini na chuma, kuna nafasi zinazokaliwa na haidroksidi, yaani chembe zinazoleta ualkali. Floridi ina ukubwa unaokaribiana sana na haidroksidi na chaji ileile, hivyo wanagombea kiti kimoja kama abiria wawili kwenye daladala. Udongo ukiwa na pH ya kati ya 5.5 na 6.5 hivi, floridi inashinda na kukaa, na maji ya udongo yanabaki na floridi kidogo sana. pH ikipanda kuvuka 7 kuelekea 8, haidroksidi zinakuwa nyingi na floridi inateremshwa, inarudi majini. Na pH ikishuka sana chini ya 5, linatokea jambo jingine: alumini yenyewe inayeyuka kutoka kwenye udongo, inaungana na floridi na kutembea nayo, na muungano huo mizizi inaupokea bila shida.

Udongo wetu wa majivu ya volkano una sifa moja ya kuushukuru. Una madini machanga yenye alumini nyingi, ambayo wataalamu huyaita alofeni, na yana uroho wa floridi ajabu. Uroho huo tunautumia hata kuyatambua: unachanganya udongo kidogo na maji yenye sodiamu floridi nyingi, floridi inaingia kwa nguvu na kuzisukuma haidroksidi nje, na baada ya dakika chache pH ya mchanganyiko inaruka kupita 9.4. Udongo wa namna hiyo unaibana floridi kwenye tabaka la juu badala ya kuiacha itiririke. Udongo wa kichanga hauna uwezo huo. Kwake floridi inateremka na mvua hadi chini.

Hapo ndipo penye hatari ya bustani yako. Kila unapomwagilia maji ya pH 8.4 yenye bikabonati, pH ya udongo inasukumwa juu polepole, na sodiamu inajikusanya. Udongo uliokuwa na uwezo wa kuibana floridi unapunguziwa uwezo huo mwaka hadi mwaka. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, linapendekeza maji ya kumwagilia yasizidi floridi miligramu 1 kwa lita, na papo hapo linakiri kwamba udongo usio na asidi huipunguza nguvu. Kwa hiyo miligramu 6 haikulazimishi kufunga bustani. Inakulazimisha kuutunza udongo ili uendelee kukusaidia.

Tuingie kwenye mmea. Mzizi hauna hamu na floridi, mmea hauihitaji. Inaingia pamoja na maji, inapita katikati ya chembe za ngozi ya mzizi, na nyingi inazuiwa kabla ya kufika kwenye mishipa. Kidogo kinachopenya kinapanda na maji hadi kwenye jani. Maji yanatoka jani likihema juani, floridi haina pa kwenda, inabaki kwenye ncha na kingo. Huko ndiko mwisho wa safari yake, kwa kuwa njia inayoshusha sukari kutoka kwenye jani kwenda kwenye punje, tunda na kiazi haiibebi ila kwa uchache sana. Ndiyo kusema jani la kunde lina floridi zaidi ya punje ya kunde, na nyanya au hindi lina kidogo kuliko mchicha uliosimama pembeni yake.

Mmea mmoja umekataa kufuata utaratibu huu, nao ni chai. Unapenda udongo wenye asidi kama wa Mufindi, Rungwe, Usambara au Kericho, unachukua alumini na floridi kwa pamoja na kuzirundika kwenye majani. Majani makuukuu ya mchai yanaweza kupita miligramu 1,000 kwa kilo ya majani makavu, wakati mimea mingi kwenye udongo wa kawaida huwa chini ya 30. Majani machanga, yale yanayochumwa kwa chai nzuri, yana kidogo zaidi. Nakutajia kwa sababu ukiipika chai kwa maji yako ya miligramu 6, unajumlisha mawili.

Sasa zile ncha za kahawia. Jirani ameona ncha zimekauka, amesikia floridi, ameunganisha. Floridi kweli huunguza ncha, lakini soma tena ulivyoandika: majani *machanga* ni ya njano huku mishipa ikiwa kijani, na udongo unafanya gamba. Njano ya namna hiyo kwenye majani machanga ni ya kukosa chuma, na pengine zinki, ambavyo vimo udongoni ila vimefungwa na pH kubwa na bikabonati. Gamba ni kazi ya sodiamu: inatawanya chembe za mfinyanzi, matundu yanaziba, maji yanatuama juu na mzizi unakosa hewa. Ncha kuungua kwenye maharage ni dalili ya chumvi pia, maana maharage ni katika mazao yanayodeka zaidi mbele ya chumvi. Ningekuwa mchezaji kamari ningeweka pesa yangu kwenye magadi, floridi ningeiwekea shilingi chache.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kufanya bila maabara. Kama mpakani una masale, yaangalie. Masale ni jamii ya mimea inayojulikana kwa kuumizwa na floridi mapema: ncha ndefu ya jani inakauka, rangi ya kahawia, na kati ya pakavu na pabichi panakuwa na mstari uliokatika vizuri. Linganisha masale yaliyo karibu na bomba, yanayopata maji ya kisima, na yale ya mbali yanayotegemea mvua. Yakiwa sawa, floridi haina makali makubwa kwenye bustani hiyo. Ya bombani yakiwa yameungua na ya mbali mazima, maji yana neno, ingawa masale hayawezi kukwambia kama ni floridi peke yake au ni chumvi nyingine pia.

Kuhusu Minjingu, mbolea inayotokana na mawe ya fosfati, jirani ana chembe ya ukweli. Mawe ya fosfati kokote duniani yana floridi, kwa kawaida asilimia 2 hadi 4. Mfuko wa kilo 50 wa mwamba uliosagwa unaweza kuwa na kilo moja na nusu, yaani nusu ya ile inayoletwa na maji kwa msimu. Ila floridi hiyo imefungwa ndani ya jiwe lilelile linalofunga fosforasi, na jiwe hilo linayeyushwa na asidi ya udongo. Penye pH 8 haliyeyuki, floridi haitoki. Haya, na fosforasi nayo haitoki! Mama, kama udongo wako umefika huko na unachoweka ni mwamba mtupu uliosagwa, unanunua vumbi. Hilo ndilo la kumuuliza bwana shamba, kabla ya lile la sumu. Nyanda zenye udongo wa asidi mbolea hiyohiyo inafanya kazi vizuri.

Na chokaa? Acha mifuko kumi pale dukani. Chokaa ni dawa ya udongo wenye asidi. Kwenye udongo wa alkali haiyeyuki vya kutosha kutoa kalsiamu, na ikiwa ni chokaa ya kuchoma, yale mawe yaliyopikwa tanuruni, itaipandisha pH zaidi na kuziteremsha floridi zilizokuwa zimeshakaa. Kinachofaa penye magadi ni jasi, mawe yaleyale yanayochimbwa Makanya, wilayani Same. Jasi inayeyuka bila kupandisha pH, kalsiamu yake inaing'oa sodiamu kwenye mfinyanzi, gamba linalegea, na sehemu ya floridi huru inakamatwa na kuwa jiwe. Sikufichi kwamba haiiondoi yote. Hata penye kalsiamu ya kutosha hubaki miligramu chache kwa lita kwenye maji ya udongo. Pia jasi bila maji ya kusukuma sodiamu chini ni hasara, hivyo huwekwa karibu na masika, shamba likiwa na mahali pa kutolea maji. Kiasi chake kinatokana na vipimo, na mara nyingi ni tani kadhaa kwa hekta. Usikadirie kwa jicho.

Yapo ya kuanza kesho bila gharama. Majivu ya jikoni yasiende bustanini tena. Nayajua mazoea ya kuyanyunyiza kwenye mchicha dhidi ya wadudu, lakini yanaipandisha pH kama chokaa. Mwagilia shinani, si juu ya majani, kwa sababu tone linalokaukia juu ya jani linaacha chumvi na floridi yake hapohapo, bila kupitia chujio la udongo wala la mzizi. Samadi iliyooza vizuri iendelee. Mbolea ya kukuzia, chagua SA (salfeti ya amonia) badala ya CAN (kalsiamu amonia nitrati), maana SA inavuta pH chini kidogo. Ifukie, kwani ukiiacha juu ya udongo wa alkali nitrojeni inapotea hewani. Kama una bati, maji ya mvua yakitosha kunywa na kupikia na yakazidi, miche ya kitaluni iyapate, kwa sababu utotoni ndipo mmea unapoumia zaidi. Maharage yakiendelea kukataa, jaribu bitiruti au spinachi, vinavumilia chumvi kuliko maharage. Na mboga zioshwe vizuri: mchanga unaorukia majani wakati wa mvua una floridi nyingi kuliko jani lenyewe.

Nirudi kwenye maji, maana hapa ndipo wajukuu walipo. Chukua bakuli la mchicha wa gramu 200. Sehemu tisa kati ya kumi ni maji, yanabaki majani makavu gramu 20. Hata tukisema mchicha wako umefika miligramu 100 kwa kilo ya majani makavu, jambo ambalo ni kubwa, bakuli hilo limempa mlaji miligramu 2. Mtu huyohuyo akinywa lita moja na nusu ya maji ya kisima, amepata 9. Maharage yakichemshwa kwa lita 3, chungu kimepokea miligramu 18, na zote zinabaki humo, kwa sababu kinachoondoka na mvuke ni maji tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo usiache, lakini floridi hakuipunguzi. Inazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Na kama makande au kiburu unalainisha kwa magadi, jua kwamba magadi ya kwetu kaskazini mara nyingi yana floridi, mengine nyingi kupita kiasi. Kulowesha maharage usiku kucha kwa maji ya mvua kunalainisha bila deni hilo.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Wewe uko mara nne yake. Meno ya mtoto yanaharibiwa na floridi yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, hadi umri wa miaka 8 hivi, na rangi ya kahawia ikishaingia haitoki kwa mswaki. Wanaokunywa maji makali zaidi kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo hukakamaa. Kwa hiyo tangi la maji ya mvua lifunguliwe kwanza kwa wajukuu wadogo, kwa kunywa, uji na kupikia. Yasipotosha, vipo vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha Ngurdoto, hapohapo Arumeru, kimefanya kazi hiyo miaka mingi na wataalamu wake watakuonyesha jinsi kinavyotumika. Mkaa huo unachoka, lazima upimwe na kubadilishwa, la sivyo unabaki na ndoo ya mapambo. Ng'ombe nao, kama unao, kikomo kinachopendekezwa kwao ni miligramu 2 kwa lita, basi wakipata maji ya mtoni yenye nafuu ni bora.

Mjukuu akiwa na madoa meupe kama chaki au kahawia kwenye meno ya mbele, mpeleke kwa daktari wa meno. Mtu mzima akilalamika mgongo na viungo kukakamaa bila sababu inayojulikana, aende hospitali na amweleze daktari maji anayokunywa, maana asipotaja hataulizwa.

Na udongo upimwe kabla hujatoa pesa ya jasi. Chukua udongo kidogo kwenye sehemu kumi na tano hivi za bustani, kina cha sentimita 20, ukwepe kando ya bomba na palipokuwa na rundo la samadi, uchanganye kwenye ndoo safi, utoe kilo moja, uianike kivulini. Fanya hivyohivyo kwa sehemu isiyowahi kumwagiliwa maji ya kisima, uweke mfuko wa pili. Bwana shamba wako atakuelekeza pa kuzipeleka: vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, Selian kiko Arusha na Mlingano kiko Tanga, na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, wana maabara. Omba pH, chumvi yote, na kiasi cha sodiamu ikilinganishwa na kalsiamu na magnesiamu. Ukitaka na floridi, sema wazi unataka ile inayoyeyuka kwenye maji. Wakikupimia floridi yote, hutaweza kufanya nayo kitu. Peleka na chupa moja ya maji ya kisima, ya plastiki, iliyosuuzwa kwa maji hayohayo, kwa sababu jasi ya kuweka mwaka ujao inategemea sodiamu utakayoendelea kuimwaga.